Wimbo Namba Saba

Siku Shitanda alipoufuta wimbo wa Wakoli hakuna aliyemgombeza. Walimpigia makofi. Kesho yake, Jumapili, mwenyekiti wa kanisa alimsimamisha mbele ya watu wote akaiombea mikono yake izidi kubarikiwa, na Shitanda akasimama pale ameinamisha kichwa, kofia mkononi, akiitikia amina. Hilo ndilo linalomuumiza mpaka leo. Heri angetukanwa.

Shitanda ni fundi wa vyombo vya umeme huko Huruma, Eldoret. Kibanda chake ni cha mabati, kimebanwa kati ya kinyozi na mama anayeuza omena. Alikuja mjini kutoka upande wa Kakamega akiwa na miaka ishirini na miwili, enzi ambazo redio ya kaseti ikiharibika ulibadilisha mpira, ukapangusa kichwa kwa spiriti, kazi kwisha. Vyombo vya siku hizi havitaki spiriti. Televisheni, king'amuzi, spika ya kanisani, kila kimoja kina programu yake ndani, na mara nyingi kikigoma ni programu iliyovurugika. Wenzake wengi wa rika lake waliona hayo ni mambo ya watoto, wakafunga vibanda wakarudi nyumbani kulima. Yeye aliketi chini, mtu mzima na miwani yake, akafundishwa na vijana wa saiba, pale pa kukodi kompyuta na intaneti, jinsi ya kutafuta programu mpya ya chombo, kuitia kwenye flash, na kuipandisha.

Wateja wakimuuliza inavyofanya kazi, huwaeleza kwa raha. Huko ndani, husema, kuna programu ndogo inaitwa bootloader, na hiyo ni kama mlinzi wa geti. Ndiyo huamka wa kwanza. Kabla haijamfungulia mwenye nyumba, huchungulia nje kuona kama kuna aliyeleta flash. Ukiwa umeshikilia batani zinazotakiwa, huiondoa programu ya zamani na kila ilichokuwa nacho, ikaingiza mpya. Kwa sababu ya hayo maneno "kila ilichokuwa nacho", Shitanda alikuwa na desturi moja. Hakuchomeka flash kabla ya kumtazama mwenye chombo usoni na kuuliza, "Kuna kitu yako humu ndani?"

Watu walimtania kwa swali hilo. Mama wa omena, kila akimfungia samaki wake kwenye gazeti, alimuuliza kama kuna kitu yake humo ndani. Shitanda alicheka na kuendelea kuuliza. Aliwahi kuuliza hata mwenye rimoti.

Sasa huyu Wakoli. Alikuwa karani wa stoo ya mahindi, na kwa miaka kumi na sita alikuwa mpiga kinanda wa kanisa lao dogo la hapo mtaani. Yeye na Shitanda hawakuwa ndugu wa damu, mmoja Mbukusu mwenzake Mwisukha, lakini waliitana ndugu na wake zao waliitwa shemeji. Jumamosi alasiri Wakoli alikuwa akipita kibandani, anywe chai, amcheke Shitanda kwa kupiga chafya kila anapochomelea. Kisha ugonjwa ukamshika kooni. Kwanza ugali ukakataa kushuka, halafu wali, halafu uji. Mwishowe sauti yenyewe ikaenda, sauti iliyokuwa ikiongoza tenor ya kwaya nzima, akawa mtu wa kuandika kwenye daftari la mtoto anachotaka kusema.

Kanisa lilimruhusu akae na kinanda nyumbani miezi ile ya mwisho, apate cha kumliwaza. Katika miezi hiyo ndipo alipotunga wimbo, akaupiga na kuuhifadhi ndani ya kinanda kwenye nafasi ya saba. Shitanda hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa Nanzala, mke wake. Wakoli akafa, akazikwa kwao upande wa Kimilili, na Nanzala akabaki huko matangani na binti yao Brigid. Kinanda kikarudi kanisani, na dada mmoja aitwaye Joyline, aliyekuwa anajua vizuri key tatu, yaani sauti tatu za kuanzia wimbo, na nyingine kwa kubahatisha, akaanza kukipiga.

Wiki ya nne baada ya mazishi kinanda kikakwama. Kilikuwa kikiwaka, kinaonyesha jina la kampuni kwenye kioo, basi, kinaganda hapo. Jumamosi asubuhi Mzee Amolo, mwenyekiti wa kanisa, akakileta kibandani kimefungwa kwa shuka. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya mavuno. Wageni wangekuja kutoka Kapseret na Kiplombe na mahindi yao na kuku wao, na Mzee Amolo hakutaka hata kufikiria mavuno ya kupiga makofi matupu.

"Fufua hii kitu, Shitanda," alisema. "Hata kama ni kwa maombi."

Shitanda hakuona shida. Alisoma namba zilizo chini ya kinanda, akaenda saiba, akapata programu yake. Alitafuta flash ya zamani, ndogo, maana hizi kubwa za siku hizi bootloader nyingi haziziamini. Aliifuta, akaiweka faili nje kabisa, si ndani ya folda, na jina lake hakuligusa hata herufi. Akachomeka, akashikilia batani mbili, akawasha. Kioo kikabadilika. Mlinzi wa geti alikuwa mzima.

Kulikuwa na mistari mitatu kwenye kioo. Wa kwanza ulikuwa wa kunakili kumbukumbu ya mtumiaji kwenda kwenye flash. Wa pili ulikuwa wa kupandisha programu mpya. Wa tatu, kutoka. Na chini kabisa, kwa maandishi madogo, kinanda kilisema kumbukumbu ya mtumiaji imejaa asilimia thelathini na nane.

Shitanda aliusoma mstari huo mdogo mara mbili. Aliuona, na yeye mwenyewe huwa wa kwanza kusema hivyo. Alijua kunakili kwa kinanda cha aina ile huchukua dakika arobaini, na kupandisha ni kumi na moja. Ilikuwa saa tisa. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika upande wa uwanja wa ndege, na mvua ikigusa Huruma tu stima hupotea hadi kesho. Stima ikipotea wakati wa kunakili, hakuna hasara, utaanza upya. Lakini mavuno hayangesubiri, na stima ikipotea katikati ya kupandisha, kinanda kimekwenda. UPS yake, ile betri ya kushikilia chombo umeme ukikatika, ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi, akaigeuza stuli.

Akatoa simu kumpigia Nanzala, amuulize swali lake la kila siku. Wakati huo mkewe, Kavetsa, alikuwa ameingia na chakula chake cha mchana kilichochelewa.

"Unapigia nani?"

"Mama Brigid. Kuna kitu kwa hii kinanda, nataka kumuuliza."

"Wewe Baba Tyson!" Kavetsa alishtuka kweli. "Arobaini hata haijaisha. Utampigia mjane uanze kumuuliza mambo ya kinanda?"

Na Kavetsa hakuwa mkorofi. Ndivyo walivyolelewa wote. Mjane akiwa bado anakaa kilio hapelekewi habari za kazi wala vyombo wala kanisa. Unakwenda, unaketi, unamshika mkono, unanyamaza. Maswali hungoja siku arobaini zipite. Shitanda mwenyewe alikuwa ameenda Kimilili, akaketi saa nzima karibu na Nanzala bila kusema lolote zaidi ya pole, na alipotoka alijiona amefanya la maana.

Akairudisha simu mfukoni, kisha akaitoa tena akampigia Mzee Amolo.

"Mzee, kuna kitu humu ndani. Nafikiri ni ya Wakoli."

"Hizo ni beats, Shitanda. Si unajua Wakoli alikuwa anaweka beats kila wiki? Joyline ako na zake kwa flash. Wewe fufua kinanda."

Ilikuwa kweli Wakoli alipenda kuweka midundo. Ilikuwa kweli pia mawingu yalikuwa yamefika juu ya kanisa. Shitanda akachagua mstari wa pili. Kinanda kikamuuliza, kwa Kiingereza cha adabu kabisa, kama anajua kwamba vyote vya mtumiaji vitafutika. Ndiyo au hapana. Akabonyeza ndiyo.

Dakika kumi na moja zile alizikaa hapumui vizuri, ametumbua macho kwenye kamstari kanakojaa polepole, anaiomba stima isikatike. Haikukatika. Mvua iliishia Kapseret, na Huruma ikakaa na stima Jumamosi ile yote, na Jumapili, na Jumatatu. Kungekuwa na nafasi ya kunakili mara ishirini.

Mavuno yakafana. Joyline alipiga key zake tatu, kuku wakapigwa mnada, na Shitanda akaombewa kama nilivyosema.

Nanzala alirudi Eldoret wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa. Kabla ya kwenda kibandani alipitia kanisani. Alipofika kwa Shitanda alikuwa amevaa gauni la bluu na kitambaa kichwani, amekonda, na mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Habari ya kazi, shemeji."

"Mama Brigid! Karibu, karibu. Keti. Pole sana. Pole tena."

"Nimeshapoa." Aliketi kwenye ile UPS. "Mzee Amolo ameniambia kinanda iliungua chip, na kila kitu ya ndani ikaenda nayo. Nikasema nikuulize wewe, sababu wewe ndiye fundi. Hiyo chip ulitupa? Hawa watu wa simu hutoa picha hata kwa simu imekufa. Si unaweza toa wimbo?"

"Wimbo gani?"

Alifungua karatasi akaiweka juu ya meza, kati ya vipande vya risasi ya kuchomelea na skrubu. Yalikuwa maandishi ya Wakoli, yale ya karani, yamelala upande mmoja. Beti tatu. *Asanteni mlioketi nami, nilipokuwa sina la kusema.* Ndivyo ulivyoanza.

Nanzala akamweleza. Jumapili mjane anaporudi kanisani mara ya kwanza husimama mbele kuwashukuru waliomzikia. Wakoli alijua mkewe hawezi kusimama mbele ya watu akasema, tangu usichana wake. Kwenye kwaya anaimba, lakini mpe maneno ya kusema peke yake, atalia au atanyamaza. Basi Wakoli akamtungia shukrani iwe wimbo. Maneno akayaandika karatasini. Sauti yake ya kumfundishia ilikuwa imekwisha, na nota hakuwahi kujifunza kuandika, kwa hiyo akaupiga kwenye kinanda na kuuhifadhi. Namba saba. Aliandika hata hilo, pembeni, na kulizungushia duara.

"Ni Jumapili hii," alisema Nanzala. "Maneno nimeshika. Sina tune."

Shitanda aliitazama ile karatasi. Njia ilikuwa wazi mbele yake, na mwenyekiti wa kanisa ndiye aliyemfagilia. Ilikuwa ni kusema tu, ndiyo, iliungua, pole. Hakuna mtu Huruma nzima angeweza kujua. Nanzala angelia, angeinuka, angebaki kumwita shemeji mpaka wazeeke. Shitanda ananiapia kwamba kwa kitambo kidogo alikuwa ameshaamua kusema hivyo, na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Chip haikuungua," alisema. "Ni mimi nilifuta."

Nanzala hakuelewa mara moja. "Ulifuta ukijua?"

"Nilijua kuna kitu. Sikujua ni nini."

"Na hukuuliza?" Alimwangalia kama anayemtafuta mtu mwingine kwenye ule uso. "Wewe? Wewe unauliza hata mwenye rimoti!"

"Nilitoa simu, Mama Brigid. Nilikuwa nikupigie. Lakini ulikuwa bado kwa kilio, nikaona nisikusumbue."

Kinyozi wa jirani alikuwa amefungulia redio. Nanzala alijibu bila kupandisha sauti.

"Shemeji, siku arobaini nimekaa kwa ile kiti. Watu wanakuja, wananishika mkono, wananyamaza, wanaenda. Hakuna mtu hata mmoja aliniuliza kitu kuhusu Wakoli. Alikuwa anapenda nini, alisema nini mwisho, hakuna. Hata wewe. Ningekuwa nimepata simu hata ya kuulizwa kinanda, ningefurahi. Ningekuambia yote."

Shitanda alitaka kusema pole, akaona hilo neno amelitumia vibaya vya kutosha. Machozi yalikuwa yameshaingia chini ya miwani. Nanzala hakumwonea huruma wala hakumkasirikia zaidi. Alikuwa na lake.

"Na mimi nina makosa," alisema. "Alinipea earphone. Alikuwa anapiga na earphone sababu mtoto wa jirani alikuwa mchanga, na ukuta ni mbao tu. Akimaliza ananipea, ananionyesha, sikiza. Nikakataa. Mara tatu alinipea. Nilisema nikisikiza hiyo wimbo nimekubali anaenda. Nikamwambia nitasikiza akipona."

"Kwa hivyo hujawahi sikia."

"Nilisikia vidole."

Akanyoosha mkono wake juu ya meza ya fundi. Kwanza hakuwa na hakika, kisha kucha zikaanza kugonga mbao. Pigo moja, mawili ya haraka, kisha kimya, kisha manne. Hivyo ndivyo alivyousikia wimbo wa mumewe, ameketi kando yake kitandani, plastiki ikigonga plastiki. Aliukumbuka wote. Aligonga ubeti wa kwanza mpaka mwisho midomo ikifuata maneno bila sauti, na Shitanda akainama kusikiliza kama anavyosikiliza spika mbovu, anatafuta kitu mle ndani cha kushika. Mapigo aliyapata. Palipo na pumziko alijua, palipo na haraka alijua. Wimbo wapanda au washuka, hilo meza haikuweza kumwambia.

"Inaanzia juu ama chini?" aliuliza.

"Sijui."

"Ni ya huzuni?"

"Sijui, shemeji. Uso wake ulikuwa unacheka."

Akaikunja karatasi yake akaenda.

Jumamosi yote Shitanda aliimaliza kanisani, kinanda mapajani. Alichomeka flash zote alizonazo, akaleta kompyuta ya kijana wa saiba, akajaribu programu za kuokoa vilivyofutika. Programu mpya ilikuwa imekaa pale pale palipokuwa na wimbo. Alipofungua orodha, nafasi ya kwanza hadi ya kumi zilikuwa tupu, ya saba pia. Mzee Amolo alipita akamwambia ajisamehe, kinanda si kinafanya kazi? Shitanda, ambaye hajawahi kumjibu mzee vibaya tangu azaliwe, alimwambia aondoke mbele yake.

Jumapili Nanzala aliitwa mbele wakati wa shukrani. Alisimama karibu na kinanda akiwa na ile karatasi, Brigid kando yake. Kanisa lilikuwa limejaa. Wengi walikuwa wale wale waliokwenda Kimilili kwa lori la kukodi, wale wale waliomshika mkono. Wote walijua Nanzala ni mtu wa kuimba, kwa hiyo Joyline akaweka mikono tayari, akainua kichwa na kumuuliza kwa sauti ya chini, lakini maikrofoni ikaikamata na watu wote wakasikia:

"Tuko key gani, mama?"

Nanzala aliangalia karatasi mbele, akaigeuza nyuma, kana kwamba huenda Wakoli aliandika mahali.

"Sijui," alisema.

Joyline akaondoa mikono. Nanzala akasoma beti zote tatu kwa sauti ile ile moja, kama katibu anavyosoma matangazo ya wiki, akasema asanteni, akamshika Brigid mkono akarudi kuketi. Watu walisema amina. Kwenye benchi la nyuma Shitanda alikuwa ameshindwa kujizuia, analia kwa sauti, na Kavetsa, aliyekuwa amemwambia asipige simu, alikaa kando yake ametazama mbele, mkono wake umeshika wa mumewe.